Bawa la Watu Wawili

Jumatatu, 25 Agosti

Kaka kaniomba nisimwambie mtu. Daftari si mtu, kwa hiyo naliambia.

Jicho lake la kushoto limekufa. Haliumi wala halitoi machozi. Ukilitazama ni jicho zima, jicho la familia yetu. Ila halioni. Lilianza kufifia mizabibu ilipokuwa inachanua, akadhani ni vumbi, akawa analinawa. Sasa anasema ni kama mtu kaning'iniza taulo upande huo. Amekwenda kwa daktari wa mbali ili majirani wasimwone, na daktari kamwambia hilo ndilo limekwisha, alitunze lililobaki.

Nimejua kwa sababu ya chai. Alikuja karakana asubuhi, akainua birika, akaimimina chai mezani, vidole viwili pembeni ya kikombe, huku akinisimulia habari za mtu mwingine. Nikamwambia, kaka, unanilowanishia nyavu. Akaweka birika chini, akasema yote kwa pumzi moja, kisha akaniapisha. Nikaapa upesi, nikiwa na pini tatu mdomoni.

Kazi yangu ni kushona. Msimu kama huu nashona nyavu za kufunika mizabibu ili ndege wasitangulie kuvuna. Mwaka mzima nakagua mabawa ya warukaji, yaani zile parashuti pana ambazo mtu anajifunga nazo, anakimbia ukingoni mwa kilima mpaka ardhi imwishie miguuni, halafu anaelea. Muhuri wa chama chao ninao mimi. Bawa lisilo na muhuri wangu haliruki hapa, ndiyo maana wananiita Bi Muhuri na kuniamkia kwa adabu kuliko wanavyowaamkia mama zao.

Kaka ana miaka sitini na mitatu. Ndiye mtu wa kwanza kuruka kutoka kilima hiki, na kila mwaka ndiye anayefungua mkusanyiko wa warukaji, wikiendi ya kwanza ya Oktoba, zabibu za mwisho zikiwa kwenye makreti. Nilimwuliza kama mwaka huu ataruka. Akasema mtu haruki kwa macho, anaruka kwa makalio, upepo unausikia kwenye kiti. Hilo ni kweli, kwa kuruka. Kutua ni kwa macho.

Alhamisi, 28 Agosti

Nyavu tisa. Joto. Sijamwambia mtu.

Jumapili, 31 Agosti

Chakula cha mchana kwa kaka. Wifi, mke wake, alifundisha hesabu miaka thelathini na bado anakata mkate vipande vinavyolingana. Katika ndoa ya miaka thelathini na sita hajawahi kukubali kuruka naye. Huyu ni mtu ambaye hapandi hata ngazi ya kufuta feni. Leo kaweka uma chini na kutangaza kwamba mkusanyiko wa mwaka huu wataufungua wote wawili, kwa bawa la watu wawili, yeye mbele na mumewe nyuma.

Kaka alikuwa keshaambiwa. Anang'aa uso mzima, pamoja na lile jicho. Wifi kanionyesha viatu alivyonunua, vya kahawia, vyenye shingo ndefu. Vimemzidi namba moja, anasema atavaa soksi mbili. Nikamwuliza imekuwaje leo, baada ya miaka yote hiyo. Akasema kaamua tu. Kisha akanitazama kwa muda, kama mwalimu anayesubiri mwanafunzi anyooshe mkono. Nikatazama sahani yangu.

Kwa hiyo sasa ni watu wawili hewani na jicho moja. Nina hasira na kaka kwa sababu alikuwa anacheka.

Jumatano, 3 Septemba

Ndege wamepata tundu kwenye wavu wa shamba la chini. Msimamizi wa mizabibu kanitumia lawama kwa simu, ujumbe mrefu kuliko wavu wenyewe.

Jumamosi, 6 Septemba

Nilifunga karakana mapema nikaenda uwanja wa kutua, lile bonde la majani chini ya safu za mwisho za mizabibu. Kaka alikuwa anafanya mazoezi peke yake, kwa bawa lake dogo. Juu alikuwa safi. Alizunguka na kupanda, akapita juu ya paa la ghala la mvinyo, watu wakasimama kumtazama kama zamani.

Alipokuja kutua alivuta breki, zile kamba za kupunguza mwendo, mapema, akiwa bado juu kiasi cha urefu wa mlango. Bawa likasimama hewani, naye akadondoka. Alianguka kwa magoti na viganja, akainuka akicheka, akawaambia waliokuwepo kwamba nyasi za mwaka huu ni fupi. Wakacheka naye. Mimi nilikuwa nimeshikilia mkoba wangu mpaka mpini umekatika uzi. Nimeushona jioni.

Wifi naye alikuwepo, upande wa pili wa uwanja, kasimama juu ya kreti tupu. Nilidhani anamtazama mumewe. Kumbe alikuwa anamtazama kila anayetua, na midomo inacheza. Baadaye akaruka kutoka kwenye kreti, akapanda tena, akaruka tena. Nikajisemea, mama wa watu, hofu imeanza kumchanganya.

Jumanne, 9 Septemba

Mavuno yameanza. Kaka anaongoza kundi la safu za juu, kama kila mwaka. Nilipeleka nyavu nikamkuta kashika mkasi wa kupogolea mbele ya kichala. Aliufunga hewani. Akaufunga tena, hewani. Mara ya tatu akakishika kikonyo kwa mkono wa kushoto kwanza, akakata kwa kupapasa. Wenzake hawakuona, au walifanya hawakuona.

Jumamosi, 13 Septemba

Wifi yupo tena juu ya kreti.

Jumatatu, 15 Septemba

Leo nimemkabili. Nilimkuta nyuma ya ghala akiosha mikono, nikamwambia asiruke na wifi. Aruke peke yake kama lazima, avunjike peke yake, lakini mke wa mtu amwache chini. Akasema ni mke wake. Nikasema ni wifi yangu pia, na nimemzoea.

Akaniambia nisikilize. Kasubiri miaka thelathini na sita ili mwanamke huyu aone kile anachokiona yeye juu ya hilo bonde. Kila mwaka akishuka alikuwa anamsimulia, na kila mwaka wifi alikuwa anatikisa kichwa kwa heshima, kama mtu anayesimuliwa ndoto. Sasa amekubali. Akikataliwa leo, kesho hatakubali, na kesho yenyewe jicho la pili halina dhamana.

"Ni safari moja tu, mdogo wangu. Baada ya hapo bawa nitalitundika mwenyewe."

Nikamwambia basi amwambie kuhusu jicho, achague akiwa anajua. Akasema akijua hatapanda. Nikasema ndiyo maana yake. Akakausha mikono kwenye suruali akarudi kwenye safu zake.

Jumanne, 16 Septemba

Nimeshona pindo kinyume mara mbili. Nimefumua mara mbili.

Jumamosi, 20 Septemba

Leo kalileta bawa la watu wawili kukaguliwa. Chama kizima kina mabawa mawili ya namna hiyo, na hilo lingine limeshawekewa nafasi na wageni wikiendi yote, asubuhi mpaka jioni. Kwa hiyo hili likikataliwa, hakuna jingine. Hesabu hiyo niliifanya kabla hajafika. Naiandika hapa ili nisije nikajidanganya kwamba wazo lilinijia ghafla.

Kaliweka mezani, manjano na buluu, akasema atalipitia Jumatatu. Hakukaa.

Ukaguzi wenyewe si mgumu. Nina kifaa kidogo chenye kikombe. Unakibana kwenye kitambaa, kinavuta hewa, unahesabu sekunde ngapi hewa inachukua kupenya. Kitambaa kipya kinashikilia dakika kadhaa. Kikishuka chini ya sekunde kumi, kimekufa. Kinapitisha hewa kama chandarua, na bawa linaweza kukunjika juu ya kichwa chako bila kukuaga. Kabla ya kifaa hiki tulikuwa na njia ya nyumbani, na aliyenifundisha ni kaka mwenyewe: mimina kikombe cha maji juu ya kitambaa, kunywa chai yako, ukimaliza papasa upande wa chini. Mkono ukitoka mkavu, ruka.

Nilipima sehemu sita. Nikavuta kamba moja moja. Nikakagua mishono yote, na nusu ya mishono hiyo ni yangu. Sehemu dhaifu kuliko zote ilishikilia sekunde mia moja na tisini na nne.

Nilikaa na kalamu. Ningeweza kumwambia Katibu wa chama. Katibu ni mtu mwema, lakini kila kitu anakisoma kwa kipaza sauti. Angesimama mbele ya watu mia moja kusema kwamba mzee wetu haoni, tumpigie makofi. Ningeweza kumwambia wifi, lakini nimeapa, na kaka tangu utotoni hajawahi kutoa siri yangu hata moja, na zipo. Basi nikaona kuna njia moja ambayo haimwaibishi mtu. Lawama itabebwa na kitambaa, na kitambaa hakina uso.

Kwenye kitabu cha ukaguzi nimeandika 9. Chini yake: limekufa, lisiruke. Muhuri haukupigwa. Ni mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili kuandika namba ambayo sikuipima. Namba ilitoka safi, na hilo ndilo lililonikera.

Jumatatu, 22 Septemba

Kwenye chama chetu, bawa lililokufa halirudi nyumbani. Mwenyewe analikata mbele ya mkaguzi, toka ukingo wa mbele mpaka wa nyuma, ili asije mtu akaliokota na kuruka nalo. Nilikuwa nimeisahau sheria hiyo. Nasema kweli. Katika hesabu zangu zote za Jumamosi niliona kaka yuko chini na bawa liko stoo, na mwakani tungeona.

Kaja saa nne. Nikamwambia. Nilikuwa nimejiandaa abishe, adai kupima upya, aombe kikombe cha maji. Hakuuliza hata namba.

"Ukisema limekufa, limekufa," akasema. Akanyoosha mkono nimpe mkasi.

Hapo ndipo ningesema. Palikuwa na nafasi ya kutosha. Mkasi ulikuwa mbali, ilinibidi nizunguke meza. Nikazunguka meza, nikauchukua, nikampa.

Mkato wa kwanza uliuma hewa. Wa pili vilevile. Akanicheka, akasema mkasi wako mkaidi kama wewe, kisha akashika ukingo kwa mkono wa kushoto akafuata vidole. Nailoni nzima ikikatwa inalia sauti kali, inayonyooka. Iliyokufa inachanika kwa uvivu. Mtu yeyote wa kazi hii anaijua hiyo tofauti, na nilikaa nasubiri aisikie. Alikuwa anahema kwa nguvu. Sidhani alisikia kitu.

Vimetoka vipande kumi na saba. Alipomaliza alikunja vyote kwa mpangilio, kubwa chini, dogo juu. Akasema bawa hili limembeba miaka kumi na moja na halijamfanyia jeuri hata siku moja. Alipotoka aligonga bega kwenye fremu ya mlango, upande wa kushoto. Nimelia, halafu nimemaliza wavu wa watu.

Jumanne, 23 Septemba

Wifi kapiga simu. Kauliza, "Limekufa kabisa, wifi?" Nikasema kabisa. Akasema haya, akakata.

Ijumaa, 26 Septemba

Msimamizi kaomba vile vipande vya kufunikia makreti, maana mawingu yameanza kukaa upande wa kaskazini na zabibu za mwisho zikilowa zinaoza njiani. Nimempa vyote. Nilifurahi vitoke karakana. Kaka kaacha kuja kunywa chai. Anasema ni kazi nyingi, na kweli ni kazi nyingi.

Jumatano, 1 Oktoba

Wifi bado anakwenda uwanjani. Nilimwona nikipita, juu ya kreti lake, midomo inacheza. Hana tena safari ya kuogopa, sasa anaogopa nini? Sikusimama kumwuliza. Simwangalii usoni siku hizi.

Jumamosi, 4 Oktoba

Mkusanyiko. Wamekuja warukaji themanini na sita, wengine na watoto, wengine na mbwa. Kilima chote kimejaa rangi. Saa tatu Katibu akasimama na kipaza sauti akaeleza kwamba mwaka huu mzee wetu hatafungua kwa sababu bawa lake limestaafu, na tumshukuru Bi Muhuri ambaye hana upendeleo hata kwa ndugu yake. Wakanipigia makofi. Nilisimama nikapokea. Nilitamani ardhi inimeze, lakini uso nadhani ulikuwa wa kawaida.

Walioruka ni kumi tu. Saa tano mvua ikashuka, nzito, bila upepo. Watu wote wakakimbilia baraza la ghala la mvinyo. Mbele yetu, uani, palikuwa na makreti ya zabibu yaliyopangwa safu, yamefunikwa na vipande vya bawa, manjano, buluu, manjano. Kila kipande kilikuwa kimebonyea katikati kati ya kreti na kreti, na kwenye kila bonyeo maji yalikusanyika. Yakajaa kama bakuli. Yakakaa.

Msimamizi alikuwa wa kwanza kusema. Aliinua pembe ya kipande kimoja, akapapasa chini, akatuonyesha kiganja. Kikavu. Akawaambia walio karibu kwamba katika maisha yake hajawahi kupata turubai kama hili, halipitishi hata tone.

Kaka alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu. Alitoka barazani akaenda kwenye mvua, akainama kwenye kreti la karibu, akatia mkono chini ya kitambaa, akauacha humo muda mrefu. Kisha akaumwaga ule mzigo wa maji, akakinyoosha kitambaa vizuri, akarudi. Hakunitazama. Alisimama palepale akitiririka maji, mpaka mvua ilipokatika, na haikukatika kwa saa nzima.



Jumapili, 5 Oktoba

Anga limeoshwa. Toka asubuhi wameruka mfululizo, mmoja baada ya mwingine. Kaka kakaa uwanja wa kutua, juu ya kreti lililogeuzwa, na wifi kakaa kreti la pili, kavaa viatu vyake vya kahawia. Kaniita nikae nao. Nikakaa nyuma yao na kitabu changu cha ukaguzi mapajani.

Mrukaji wa kwanza alikuja kutoka upande wa ghala. Nikasikia sauti ndogo mbele yangu. Wifi alikuwa anahesabu chini kwa chini: nne, tatu, mbili, moja. Kwenye moja, miguu ya yule mtu ikagusa majani. Wa pili, vilevile. Wa tatu alikuwa mgeni, anayumba. Wifi alifika mbili, akasimama, akangoja kijiupepo kimwinue yule mtu na kumshusha, akasema moja, na miguu ikagusa. Hakuwa anamwonyesha mtu. Nadhani hakujua kwamba sauti inatoka.

Kaka aliacha kutazama juu. Akageuza kichwa chote, kama anavyolazimika siku hizi, mpaka jicho zima likamfikia mkewe.

"Tangu lini?"

Wifi hakujifanya kutoelewa. "Tangu ulipoanza kunipisha mlangoni," akasema. "Miaka thelathini na sita hujawahi kunipisha mlangoni. Ukawa unanipisha, halafu unanifuata nyuma nyuma."

"Mbona hukusema?"

"Wewe mbona hukusema?"

Akatua mwingine. Hakuna aliyehesabu. Wifi akaeleza, kwa sauti yake ya darasani, kwamba alijua hatamzuia, hajawahi kumzuia, basi akaona afadhali akae mbele. Abiria anakaa mbele. Mbele anaiona ardhi yote. Angemhesabia, naye angevuta breki kwenye moja. Amejifunza wiki tano, ametazama watu mia mbili na kumi wakitua, na tangu katikati ya Septemba hajakosea hata mmoja.

Nilikuwa nimekaa na kitabu mapajani.

Kaka akasema bila kugeuka, "Jana maji yalikaa juu ya kile kitambaa saa nzima."

"Ndiyo," nikasema.

"Kilikuwa kizima."

"Sekunde mia moja na tisini na nne."

Wifi alitutazama, yeye kisha mimi, akipiga hesabu. Niliona hesabu inavyokwenda usoni mwake, hatua kwa hatua, mpaka jibu. Akainamisha macho kwenye viatu vyake.

"Basi tungetua," akasema.

Nilikuwa na la kujibu. Kwamba kuhesabu ukiwa umekaa kwenye kreti si sawa na kuhesabu huku ardhi inakujia usoni. Kwamba huko juu moyo unakimbia, na mtu anasahau hata jina lake, sembuse tatu na mbili. Nilikuwa na hayo yote na mengine, na huenda ni kweli. Ila sijui kama ni kweli. Nilichukua bawa zima nikaliua ili nisilazimike kujua.

Kaka aliinuka akaenda kumsaidia yule mgeni kukunja bawa lake. Analikunja kwa kupapasa, na bado ni mwepesi kuliko wote. Wifi alibaki. Baada ya muda akaniambia, bila ukali, "Ungeniuliza, wifi. Nilikuwa nakusubiri uniulize tangu ile siku ya chakula."

Jumatatu, 6 Oktoba

Makreti yamepakiwa, malori yameondoka. Vipande vimerudi kumi na sita.

Alhamisi, 9 Oktoba

Katibu alipita kuchukua kitabu. Nikamweleza mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho, na jicho la kaka halikuwa siri tena kwa sababu juzi kalitangaza mwenyewe barazani huku akikataa kupewa kiti. Katibu akakuna kichwa. Akasema kwa maoni yake nilifanya jambo sahihi, watu wawili wako hai. Nikamwambia muhuri hausemi lililo sahihi, unasema kitambaa kikoje. Nikauweka mezani mbele yake. Kaurudisha upande wangu, akasema mpaka apatikane mtu mwingine. Hawatampata haraka.

Kwenye ukurasa wa tarehe 20 Septemba nimeikata ile 9 kwa mstari mmoja, isomeke. Pembeni nimeandika: 194. Lilikuwa zima. Nikatia sahihi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mizabibu imeanza kupukutika. Nyavu zote zimerudi stoo.

Kaka kaja kunywa chai, mara ya kwanza tangu mkato. Nilishika kikombe chake karibu na mdomo wa birika akamimina, hakumwaga.

Alikuja na mfuko kutoka kwa wifi. Ndani mlikuwa na vile viatu vya kahawia, vimefungwa kamba pamoja, vikavu, nyayo hazijachakaa. Wifi kasema mguu wangu ni mkubwa kuliko wake, mimi sitahitaji soksi mbili.

Nimevijaribu. Vimenitosha sawasawa.